Dume Bora Asiuzwe Mnadani

Katika Mkutano Mkuu ujao wa Chama chetu cha Ushirika iko ajenda moja ambayo imeshazungumzwa kisimani, kilabuni na hata matangani. Nayo ni habari ya fedha za mfuko wa mifugo. Wako wenzetu wanaosema fedha zote zikanunue madume wa Dorper kutoka mbali, ili wanakondoo wetu wapate kukua haraka. Wako wengine wanaosema hapana, shida yetu si mbegu, shida ni majani na minyoo, basi fedha zote ziishie kwenye dawa. Pande zote mbili zimeanza kutupiana maneno makali. Sisi tunaona kwamba kabla mikono haijanyoshwa kupiga kura, yafaa tuulizane swali moja dogo. Hivi wale wanakondoo madume waliozaliwa humu humu kijijini, wakakua haraka kuliko wenzao, wako wapi leo?

Jibu kila mtu analo. Wameuzwa mnadani.

Hiyo ndiyo hoja yetu, na tunaisema bila kuficha. Kijiji kinachouza madume wake walio bora kila mwaka hakiwezi kuokolewa na dume wa kununua, hata angetoka peponi. Na kijiji kisichojua ni dume yupi aliye bora kwa damu na yupi aliyenona kwa bahati ya maziwa tu, kitaendelea kubahatisha hata kikiamua kutowauza. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, na yote mawili tunaweza kuyatengeneza wenyewe, kwa mizani na daftari.

SUKE LA MBEGU

Mtazame mkulima wa mtama hapa kwetu Dodoma. Wakati wa mavuno anapita shambani kabla ya wengine wote, anachagua masuke makubwa yaliyokomaa barabara, anayafunga pamoja na kuyatundika juu ya meko yapate moshi, wadudu wasiyaguse. Hata njaa ikibisha hodi, masuke hayo hayaliwi. Ni mwiko. Anajua kwamba akila mbegu leo, mwakani atapanda makapi.

Lakini mtu huyo huyo akiingia zizini anafanya kinyume. Mwanakondoo dume aliyejaa mgongo upesi ndiye wa kwanza kutoka. Mchuuzi akija kabla ya Idd au Krismasi, jicho lake linamwangukia huyo. Michango ya shule ikidaiwa, anatoka huyo. Mgeni wa heshima akifika, anachinjwa huyo. Yule mwenzake mwenye tumbo kubwa na manyoya yaliyosimama, mchuuzi hamtaki na mgeni haonyeshwi. Basi anabaki. Mwaka unaofuata, huyo aliyekataliwa na kila mtu ndiye baba wa zizi zima. Hakuna kikao kilichomteua. Amepita bila kupingwa.

Huko nako ni kuchagua mbegu, ndugu zetu, ila ni kuchagua kinyumenyume. Dume mmoja anaweza kupanda majike 25 hadi 30 katika msimu mmoja. Jike akiwa wa mbegu hafifu, hasara yake ni mwanakondoo mmoja au wawili kwa mwaka. Dume akiwa hafifu, hasara inaingia kwa wanakondoo wote wa zizi hilo, maana kila mmoja wao anachukua nusu ya damu kwa baba na nusu kwa mama. Ndiyo maana tunasema habari ya dume si siri ya mwenye zizi peke yake. Malisho ni ya pamoja, lambo ni la pamoja, na dume wa jirani haombi ruhusa kabla ya kupanda jike wako.

DAMU NA MATUNZO

Wazee wetu walituachia maneno mawili yanayoonekana kama yanapingana. Walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wakasema tena, mwana wa nyoka ni nyoka. Je, tushike lipi? Katika habari ya kondoo yote mawili ni ya kweli, ila kila moja lina kipimo chake.

Wataalamu wa mifugo wamepima makundi mengi ya kondoo katika nchi nyingi. Wakilinganisha wanakondoo wa kundi moja wakati wa kuachishwa ziwa, wanaona kwamba katika tofauti ya uzito kati ya huyu na huyu, kwa kawaida sehemu moja hadi tatu tu katika kumi zinatokana na damu, yaani urithi ambao mnyama anaweza kuupitisha tena kwa watoto wake. Sehemu zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, zinatokana na mambo mengine. Tuyapitie mambo hayo, maana ndiyo yanayotudanganya macho.

Kwanza ni umri wa mama. Jike anayezaa mara ya kwanza bado mwenyewe anakua, kwa hiyo maziwa yake ni machache na mwanawe huwa mwepesi. Akifika miaka 4 hadi 6 ndipo anapokuwa mama kamili. Akizeeka na meno yakaisha, anarudi nyuma tena.

Pili ni mapacha. Chakula cha tumbo moja kimegawanywa kwa wawili, kisha kiwele kimoja nacho kinagawanywa kwa wawili. Pacha huzaliwa mwepesi na huachishwa ziwa akiwa bado nyuma ya aliyezaliwa peke yake, hata kama damu yake ni nzuri.

Tatu ni udume na ujike. Dume huzaliwa mzito kidogo kuliko jike, na pengo hilo huongezeka kadiri wanavyokua. Kumlinganisha mwanakondoo dume na mwanakondoo jike ni kupoteza wakati bure.

Nne ni njaa ya tumboni. Mimba ya kondoo huchukua siku 150 hivi. Karibu theluthi mbili ya uzito wa mwanakondoo hujengwa katika wiki 6 za mwisho. Jike akishinda njaa katika wiki hizo, mwana anazaliwa mdogo na kiwele kinakuwa kitupu. Mwana asipopata dang'a katika saa zile za mwanzo, anakosa kinga ya maradhi, na hata akipona hukua kwa kusuasua. Hapo mtu atasema dume wake hafai, kumbe dume hakukosa lolote.

Tano ni mwezi wa kuzaliwa. Hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Mwanakondoo aliyezaliwa Januari anakuta mama yake anakula majani mabichi. Aliyezaliwa Agosti anakuta mama yake anatafuta mabua. Wawili hawa wakisimama pamoja mnadani, mmoja anaonekana mfalme na mwingine mtumwa, na huenda wote ni watoto wa baba mmoja.

Sita ni minyoo. Uko mnyoo wa tumboni wenye mistari myekundu na myeupe iliyosokotwa kama utambi. Jike lake mmoja hutaga mayai kama 5,000 kwa siku. Mnyoo mmoja hunyonya damu kidogo sana, lakini minyoo 1,000 kwa pamoja hunyonya mililita 50 hivi kwa siku, yaani karibu kikombe kidogo cha kahawa. Mwanakondoo wa kilo 12 hana hata lita moja ya damu mwilini mwake. Sasa fanya hesabu mwenyewe, atanyonywa siku ngapi kabla ya kuanguka? Dalili zake ni kope nyeupe kwa ndani na uvimbe chini ya taya. Mnyama wa namna hiyo hawezi kukua, hata babu yake angekuwa nani.

JICHO HALIPIMI

Basi tuchukue mfano wa hesabu. Wako wanakondoo madume wawili, wote wamefikisha siku 90. Wa kwanza alizaliwa peke yake, na mama yake ni jike aliyekomaa. Alizaliwa na kilo 3, sasa ana kilo 14. Ameongeza kilo 11, yaani gramu 122 kwa siku. Wa pili ni pacha wa jike aliyezaa mara ya kwanza. Alizaliwa na kilo 2.2, sasa ana kilo 11.5. Ameongeza kilo 9.3, yaani gramu 103 kwa siku.

Mnadani hakuna ubishi, wa kwanza ndiye mwenye bei. Hata zizini wengi watasema wa kwanza ndiye wa kubakizwa. Lakini fungua daftari. Wenzake wa kwanza, yaani madume waliozaliwa peke yao kwa majike waliokomaa, mwezi uleule, wana wastani wa kilo 14.5. Kumbe huyu tunayemsifu yuko chini ya wenzake! Wenzake wa pili, yaani mapacha madume wa majike wachanga, wana wastani wa kilo 9.5. Huyu amewazidi kwa kilo 2 nzima. Alianza mbio kwa kuchelewa, akawapita wote walioanza naye. Kama tunatafuta mbegu, huyu wa pili ndiye wa kutazamwa kwanza.

Hatusemi kwamba hesabu hii haikosei. Mnyama mmoja anaweza kuwa na bahati yake. Ndiyo maana inafaa kumpima tena akikaribia mwaka mmoja, wakati faida ya maziwa ya mama imeshapungua na mwili unaonyesha nguvu zake wenyewe. Na baada ya hapo tutazame watoto wake. Watoto ndio cheti cha dume.

Jambo hili si geni duniani. Katika karne ya 18 huko Leicestershire, Uingereza, mkulima mmoja aitwaye Robert Bakewell alijulikana sana kwa kuchagua mbegu ya kondoo. Alikuwa akikodisha madume wake kwa wakulima wengine, hawauzi moja kwa moja. Hivyo aliweza kuona watoto waliozaliwa katika mashamba mbalimbali, akajua ni dume yupi wa kumrudisha nyumbani. Wasomaji wa Biblia nao wanaikumbuka habari ya Yakobo na mjomba wake Labani. Yakobo alihakikisha kondoo wenye nguvu ndio wanaomzalia yeye, dhaifu wakawa fungu la mjomba. Sisi hapa kijijini tumekuwa kama Labani, na Yakobo wetu ni mchuuzi wa mnadani.

KIBARUA NA AKIBA

Atatokea mtu aseme: Kama damu ni sehemu mbili tu katika kumi, si afadhali tuachane na habari za madume, tushughulikie matunzo peke yake? Swali hilo ni zuri, na wanakisomo wetu wanaweza kulijibu kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya.

Tuseme tumemchagua dume kwa haki, naye amewazidi wenzake kwa kilo 3. Chukua sehemu 2 katika 10. Unapata gramu 600 ambazo tunaweza kuzihesabu kuwa za damu. Katika hizo dume anatoa nusu kwa mwanawe. Basi kila mwanakondoo wake, kwa wastani, atazidi kwa gramu 300. Wengine watacheka. Gramu 300 ndiyo nini? Pumba na mashudu kwa mama vinaweza kuleta kilo nzima kwa msimu mmoja!

Ni kweli kabisa. Lakini angalia tofauti. Pumba na mashudu ya mwaka huu yakiisha, mwakani lazima ununue tena. Ukiacha, ile kilo imepotea. Gramu 300 za damu hazinunuliwi mara ya pili. Zimeingia kwa wanakondoo wote wa dume huyo, na wale majike wanaobaki zizini watazipitisha kwa watoto wao. Dume bora wa mwaka unaofuata ataongeza zake juu ya hizo. Matunzo ni kibarua, unalipwa siku uliyofanya kazi. Damu ni akiba, inakaa na kuongezeka. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye busara hafanyi kibarua bila kuweka akiba, wala hakai akitazama akiba huku hana chakula cha leo.

Sasa geuza hesabu hiyo. Kila mwaka dume bora anapouzwa na hafifu akabaki, tunaichota akiba ile ile. Inachotwa kidogo kidogo, hakuna anayeona. Lakini miaka 20 ni miaka 20.

HABARI YA DORPER

Hatusemi kwamba Dorper ni kondoo mbaya. Ni kondoo wa nyama aliyetengenezwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya kondoo wa Uingereza aitwaye Dorset Horn na kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi, ambaye asili yake ni Somalia na ambaye Waingereza humwita Persian. Hata jina lake limekatwa kutoka kwa wazazi hao wawili. Kwa hiyo huyo tunayemwita mgeni, upande mmoja wa ukoo wake ni jirani yetu.

Lakini damu ya kukua haraka inataka chakula cha kukuza. Lori la tani 7 lisilo na dizeli halimshindi mwenye baiskeli. Wenzetu wa Kenya walilipata somo hili. Katikati ya miaka ya 1970 madume wa Dorper waligawiwa kwa wafugaji kwa msaada wa serikali, na watu wakachanganya ovyo na kondoo wekundu wa Kimaasai, bila maelekezo ya namna ya kuendelea baada ya hapo. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwafuga Dorper na kondoo wekundu pamoja huko Diani, pwani ya Kenya, mahali penye unyevu na minyoo mingi. Wanakondoo wa Dorper walikufa kwa wingi zaidi, na wale wekundu wakaonyesha kwamba damu yao inaijua minyoo. Katika sehemu kavu, Dorper naye alionyesha uzito wake. Lakini watafiti hao walipowatafuta kondoo wekundu halisi mwaka 1992, huko Kenya na kaskazini mwa nchi yetu, waliwapata wachache sana. Watu walikuwa wameacha mbachao kwa msala upitao.

Somo ni nini? Hakuna mbegu bora ya kila mahali. Mbegu bora ni ile inayokua vizuri mahali ulipo, kwa majani uliyo nayo na maradhi uliyo nayo. Dodoma yetu ni kavu, minyoo si mingi kama ya pwani. Lakini njaa ya Septemba hadi Novemba tunaijua wote. Kondoo wetu wa kienyeji mwenye mkia mnene ameipita njaa hiyo vizazi na vizazi, mafuta ya mkia yakiwa ghala lake. Tusimtupe kabla hatujampima hata mara moja.

MWENYE SHIDA AFANYEJE?

Sasa tunafika kwenye jambo gumu. Mwanaushirika atasimama aseme: Maneno yenu mazuri, lakini mimi nina shida leo. Dume aliyenona ndiye sare ya mtoto, ndiye dawa ya mgonjwa. Nikimbakiza, mtanilisha ninyi? Mama mjane mwenye kondoo watano aambiwe asiuze aliye bora kwa faida ya kijiji kizima? Hiyo ni haki gani?

Naam, si haki. Kumwambia mnyonge abebe peke yake mzigo wa wote si ushirika. Na hapa ndipo fedha za mfuko wa mifugo zinapopata kazi yake ya kweli. Mfuko uwe ndio mnunuzi. Dume aliyechaguliwa kwa mizani na daftari anunuliwe na Ushirika kwa bei ya mnada wa siku hiyo, fedha taslimu. Mama yule anapata haki yake yote bila kumtembeza mnyama hadi mnadani wala kukatwa na dalali, na mbegu inabaki kijijini. Fedha ya kumleta dume mmoja kutoka mbali, pamoja na usafiri wake, inaweza kuwanunua madume kadhaa wa hapa hapa waliokwisha kuonyesha kwamba jua letu wanalijua.

Kwa hiyo tunapendekeza haya kwa Mkutano Mkuu:

(a) Inunuliwe mizani ya kuning'iniza, kama ile wanayopimiwa watoto kliniki lakini yenye kubeba uzito mkubwa zaidi. Kila kitongoji kiwe na daftari. Kila mwanakondoo apewe hereni yenye namba, na iandikwe tarehe ya kuzaliwa, namba na umri wa mama, dume au jike, peke yake au pacha, uzito ndani ya siku moja ya kuzaliwa, na uzito wa siku 90. Mama hapeleki mtoto kliniki bila kadi. Kondoo naye awe na kadi yake.

(b) Hesabu za wastani zifanywe na darasa la watu wazima, mbele ya watu, ubaoni. Mapacha walinganishwe na mapacha, wa Januari na wa Januari. Asiwepo mtu wa kusema dume wa mwenyekiti amependelewa. Kondoo hana kadi ya chama.

(c) Madume waliowazidi wenzao wanunuliwe na mfuko, wapimwe tena wakikaribia mwaka mmoja, ndipo wateuliwe wa kupanda, mmoja kwa majike 25 hadi 30. Wale watakaoshindwa katika kipimo cha pili wauzwe, na fedha zirudi mfukoni.

(d) Madume wengine wote wahasiwe kabla ya kufikisha miezi 3, kwa msaada wa Afisa Mifugo. Aliyehasiwa ananona na kuuzika vizuri, wala hasumbui dada zake malishoni.

(e) Dume asikae kitongoji kimoja zaidi ya miaka 2. Akizidi hapo atapanda binti zake, na watoto wa namna hiyo huzaliwa dhaifu, hukua polepole na hufa mapema. Tubadilishane madume kati ya vitongoji, kwa maandishi.

(f) Madume waruhusiwe kupanda kuanzia tarehe 1 Agosti hadi katikati ya Septemba tu. Hivyo wanakondoo watazaliwa kuanzia mwisho wa Desemba hadi katikati ya Februari, majani yakiwa yametoka. Nje ya muda huo dume afungwe kipande cha ngozi chini ya tumbo, kama wafanyavyo wenzetu Wamaasai. Na kwa kuwa Novemba majike watakuwa na mimba kubwa huku nchi bado kavu, kila kaya iweke akiba ya maganda ya migunga, majani ya karanga na mashudu ya alizeti kwa ajili ya wiki hizo.

(g) Fedha zitakazobaki zinunue dawa ya minyoo. Wakati wa masika kope zikaguliwe kila wiki mbili, na dawa wapewe wenye kope zilizopauka, badala ya kunywesha zizi zima kila mara mpaka minyoo iizoee dawa. Wachungaji wasiwatoe kondoo kabla umande haujakauka.

(h) Kama baada ya hayo yote wako wanaomtaka Dorper, aletwe mmoja, kwa kitongoji kimoja, na watoto wake wapimwe kwa mizani ile ile karibu na watoto wa madume wetu. Mizani itatuamua. Hatutagombana tena.

Ndugu Wanaushirika, haya hayahitaji mfadhili wala semina ya mjini. Kazi yenyewe ni ya kuamka mapema, kushika kalamu na kuaminiana. Wanakondoo wa msimu huu wakifikisha siku 90, mchuuzi atakuja tena, na jicho lake litakwenda pale pale. Tunaomba safari hii akute daftari limefunguliwa na mfuko umeshatangulia kununua. Wengine auziwe kwa furaha, wapo wengi.

Njooni mkutanoni, msitume watoto. Anayepinga maneno haya aje na hoja, nasi tutaisikiliza.

Ushirika ni nguvu.